Rangi Ianzie Chini: Kuiunganisha Nyumba Isiyo na Kuta za Kati

Ukipita Makutano mjini Meru, au Kangaru upande wa Embu, utaziona nyumba mpya zinazojengwa kwa mtindo mmoja: mlango wa mbele unafungukia ukumbi mkubwa ambamo sebule, meza ya kula na jiko vimo katika nafasi moja. Kuta zilizovitenga vyumba hivyo katika nyumba za wazazi wetu zimeondolewa. Hewa inapita, anayepika hakosi mazungumzo, na nyumba ndogo inaonekana kubwa. Lakini siku ya kupaka rangi ikifika, mwenye nyumba huamua kana kwamba zile kuta bado zimesimama. Sebule hupewa rangi yake, upande wa kulia chakula yake, jiko yake, na ukuta wa televisheni hupata ya nne. Anayeingia hukutana na zote kwa mtazamo mmoja, na jicho lake halipati pa kutua. Wengine, kwa kuiogopa fujo hiyo, hupaka krimu kila mahali na kuishi katika nyumba isiyo na pembe ya kupendeza. Mimi naona njia zote mbili zinaanzia mahali pasipofaa. Katika miteremko hii ya Mlima Kenya, nyumba ya wazi haiunganishwi na rangi ya katikati ya ukuta. Huunganishwa na kilicho chini, yaani sakafu pamoja na ukanda wa chini wa ukuta. Ukishapatana na udongo, rangi za juu zinaweza kubadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine na nyumba ikabaki moja.

Nianze na jambo ambalo halina ubishi tena. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kazi ya kusimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kilichofuma mazulia ya kutundikwa ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba rangi nyeusi ya kiwanda haikolei. Chevreul alipochunguza, aliona kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa na kasoro. Zilizoziharibu machoni pa watu ni rangi zilizofumwa kando yake. Kutokana na utafiti huo alichapisha mwaka 1839 kitabu kinachosomwa hadi leo na wachoraji na wabunifu. Kanuni yake ni hii: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyenzake upande ulio kinyume. Nyekundu hukifanya kijivu cha jirani kielekee ukijani, na nyeupe huifanya nyeusi izidi kuwa nyeusi. Mwaka 1963 Josef Albers, mwalimu wa sanaa aliyetoka Ujerumani akafundisha Marekani, alionyesha jambo hilohilo kwa vipande vya karatasi: rangi moja, ikiwekwa juu ya mandhari mbili tofauti, huonekana kama rangi mbili. Mwenye nyumba ya Nkubu au Runyenjes analo la kuchukua hapa. Katika nyumba yenye vyumba vilivyofungwa, rangi ya sebule hushindana na sakafu yake tu. Katika nyumba ya wazi hakuna kitu kinachoitwa rangi ya sebule peke yake, kwa sababu hakuna pembe ya sebule ambayo jicho huitazama bila kuliona jiko.

Chukua kijivu, rangi ya mtindo wa siku hizi. Kimeingia kupitia mabati ya rangi ya mkaa, kikaja na vigae, na sasa kimepanda ukutani. Katika picha za simu kinapendeza, kwa kuwa nyingi zimepigwa ndani ya nyumba zenye sakafu ya mbao nyeupe au zege tupu. Kilete Meru, ndani ya nyumba yenye sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, au yenye milango ya mbao iliyopigwa vanishi ya kahawia inayoelekea wekundu, na kanuni ya Chevreul itafanya kazi bila kumwomba mtu ruhusa. Ukuta wa kijivu utaanza kuonekana wa kijani hafifu, kijani cha mgonjwa, ilhali mkebe uliandikwa kijivu na fundi hakukosea. Miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapoikalia milima na manyunyu yakawa ya kila siku, ukuta huo huongeza baridi ndani ya nyumba ambayo tayari ina baridi. Mwenye nyumba huilaumu kampuni ya rangi au fundi, kumbe lawama ni ya sakafu ambayo hakuna aliyeiuliza.

Mwanga nao una mambo yake. Ushauri mwingi wa rangi unaotufikia uliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako dirisha la kaskazini karibu halipati jua la moja kwa moja na la kusini hulipata mwaka mzima. Wao huambiwa wapake rangi zenye joto upande wa kaskazini na zilizopoa upande wa kusini. Sisi tunaishi juu ya mstari wenyewe: ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, na Embu iko yapata kilomita 60 kusini mwa mstari huo. Jua la Juni hutuangaza kutoka kaskazini, la Desemba kutoka kusini, kwa hiyo kila upande wa nyumba una zamu yake. Ila zamu hizo hazilingani. Zamu ya kaskazini huangukia miezi ya mawingu na baridi, ilhali ya kusini hukutana na Januari na Februari, miezi mikavu yenye anga safi. Tofauti kubwa zaidi bado ni ya mashariki na magharibi, kwa sababu mlima hujitengenezea mawingu. Asubuhi kilele huonekana wazi. Kufikia adhuhuri mara nyingi kimekwisha kufunikwa, na miteremko ya juu pamoja nacho. Dirisha linalotazama mashariki hupata mwanga wa manjano uliokolea, na la magharibi hupata mwanga wa kijivu wa alasiri. Ukumbi wa wazi unaokata nyumba kutoka mashariki hadi magharibi una nuru mbili ndani yake. Ukuta uliopakwa rangi moja toka mwanzo hadi mwisho hautaonekana wa rangi moja, hata kama kila tone limetoka kwenye ndoo moja.

Isitoshe, mwanga hauingii dirishani ukitoka angani tu. Sehemu yake hushuka kwanza, ikagonga kilichoko uani, kisha ikaruka kuingia ndani na kupanda hadi darini. Nyumba ya Kianjokoma iliyozungukwa na chai, kahawa na migrevilea huingiza mwanga uliochujwa na majani, na ukuta mweupe humo hupata ukijani hafifu usioondoka. Nyumba ya Siakago, katika nchi kavu ya Mbeere, yenye majani machache na jua kali, hupokea mwanga mkavu na mweupe zaidi. Rangi iliyoonekana nzito Kianjokoma huonekana imefifia huko. Na katika boma lolote ambalo uwanja wake haukuwekwa nyasi wala mawe, mwanga unaoruka kutoka kwenye udongo mwekundu huipaka dari nyeupe wekundu mwepesi. Udongo huo, ambao wataalamu huuita nitisoli, una wekundu wa madini ya chuma yaliyooza polepole kutoka kwenye mawe ya volkeno ya mlima. Kiangazi huingia ndani kama vumbi, masika kama matope ya viatu. Kwa maneno mengine, udongo unaipaka nyumba rangi, upende usipende. Kilichobaki mikononi mwako ni kuamua kama utapambana nao kila wiki kwa kitambaa na sabuni au utaupa nafasi katika mpango wako.

Kuna atakayenipinga kwa mfano wa Lamu. Nyumba za kale za mawe za mji ule, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilikuwa za wazi kabla ya neno hilo kuwa la fasheni. Kutoka kiwandani, ambacho ni ua wa ndani, unaingia msana mmoja baada ya mwingine, vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa sambamba, hadi ufike ndani kabisa penye faragha ya familia. Kati ya msana na msana mara nyingi palikuwa na pazia tu. Kinachoviunganisha ni chokaa nyeupe, ukutani na katika zidaka zilizochongwa. Je, si ushahidi kwamba nyeupe inatosha? Ni ushahidi mzuri, lakini wa jambo jingine. Chokaa ya Lamu ilichomwa kutokana na matumbawe, mawe ya ukuta ni matumbawe, na ardhi ya nje ni mchanga uliopauka. Vumbi linaloingia nyumba ya Lamu linafanana na ukuta. Zaidi ya hayo, sakafu hupanda kidogo unapoelekea ndani, kwa hiyo mguu ndio unaohisi mpaka wa chumba, na jicho halina haja ya kuonyeshwa. Mafundi wa Lamu walipatana na ardhi yao. Anayetaka kuwaiga huku mlimani hana budi kufanya walivyofanya wao, na hapa ardhi ni nyekundu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta namna, maana tunayo tayari, ila tumeidharau. Angalia duka la zamani pembeni mwa soko la Gakoromone, shule ya msingi au zahanati ya mashambani. Sehemu ya chini ya ukuta, kama mita moja na zaidi, imepakwa rangi ya mafuta: damu ya mzee, kahawia, kijani kizito au buluu. Juu yake ni krimu. Katikati pamepigwa mstari mwembamba, mara nyingi mweusi, ambao fundi aliupima kwa uzi uliopakwa chaki, akauvuta, akauachia ukapiga ukutani, kisha akaufuata kwa brashi ndogo. Sababu ya ukanda huo inajulikana na kila mtu aliyewahi kukaa katika nchi ya matope mekundu. Mikono ya watoto, migongo ya viti, magunia na maji ya kupigia deki huchafua ukuta hadi kimo hicho, na rangi ya mafuta hufutika. Kazi nyingine ya ukanda huu haisemwi: unazunguka pembe, unapita nyuma ya mlango, unatoka veranda ukaingia ndani, na popote utakaposimama unakuonyesha kwamba bado uko katika jengo lilelile.

Hiyo ndiyo kazi hasa inayotakiwa katika ukumbi wa wazi. Macho ya mtu aliyeketi kwenye kochi yako yapata mita moja juu ya sakafu, na watu katika sebule huketi zaidi ya wanavyosimama. Mstari ulalao karibu na kimo hicho huonekana bila kutafutwa. Sasa pima nyumba yako. Sehemu ya juu ya kabati za chini za jiko huwa karibu sentimita 90 kutoka sakafuni. Kizingiti cha chini cha dirisha, katika nyumba nyingi za kawaida, kiko kimo hichohicho au karibu nacho. Ukanda ukiwekwa sentimita 90, utatoka nyuma ya makochi, utapita chini ya dirisha bila kukatwa, utafika kwenye meza ya kula, kisha utaingia jikoni na kuendelea kama milango ya kabati, mradi milango hiyo ipakwe rangi ya ukoo mmoja na ukanda. Jiko halitaonekana tena kama chumba kigeni kilichosukumwa sebuleni. Hakuna rangi ya juu ya ukuta inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu huko juu kuna madirisha, picha, kalenda, televisheni na kabati za kuning'inia, na kila kimoja hukatiza.

Watu wengi hukataa kwa neno moja: nyumba yangu itafanana na zahanati. Pingamizi hili lina msingi, kwa hiyo tulichambue badala ya kulipuuza. Ukanda hufanana na zahanati kwa mambo matatu. Uko juu mno, wakati mwingine hadi begani, ukaifanya dari ionekane chini. Unang'aa, kwa hiyo kila mwanga wa dirisha huacha doa jeupe juu yake na kila kasoro ya lipu huonekana. Tena tofauti yake na krimu ya juu ni kali mno, weusi na weupe bila daraja katikati. Yote matatu yana dawa. Ushushe hadi sentimita 90. Tumia rangi yenye mng'ao hafifu, ile mafundi huita silki, ambayo siku hizi inavumilia kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Uondoe ule mstari mweusi. Kisha chagua rangi iliyo giza kuliko ukuta wa juu kwa hatua moja au mbili tu: rangi ya tofali lililopauka, ya kahawa iliyotiwa maziwa, au ya udongo mkavu. Damu ya mzee iache. Mwanga ukififia, macho ya binadamu huanza kupoteza nyekundu kabla ya kupoteza buluu na kijani, jambo ambalo mwanasayansi Mcheki Jan Purkyně alilieleza katika karne ya 19. Ukanda mwekundu mzito huwa mweusi kabisa jioni taa zisipowashwa. Kama tayari umeweka vigae vya kijivu sakafuni, usivibomoe. Tafuta kwa ukanda kijivu chenye kahawia ndani yake, na zulia lenye rangi ya udongo lifunge kazi.

Sakafu na ukanda vikishatulia, huko juu una uhuru, ila uhuru wenye kipimo kimoja. Mwaka 1905 Mmarekani Albert Munsell alieleza kwamba kila rangi ina sifa tatu zinazoweza kupimwa kila moja kivyake: aina yake, yaani kama ni njano au kijani, weupe wake, yaani iko wapi kati ya nyeupe na nyeusi, na ukali wake, yaani imekolea au imefifia. Wenye nyumba hubishana juu ya ile ya kwanza tu, na ndiyo yenye uzito mdogo zaidi katika kuunganisha. Jicho hutambua mpaka kati ya ukuta na ukuta hasa kwa tofauti ya weupe. Shikilia weupe uwe uleule sebuleni, mezani na jikoni, ukali uwe mdogo, kisha badilisha aina upendavyo: njano iliyofifia upande wa makochi, pichi nyepesi penye meza, kijani kilichopauka jikoni. Zitapishana bila kugongana. Kipimo chake hakihitaji chombo cha maabara. Paka vipande vitatu vya ubao vyenye upana wa nusu mita, visimamishe pamoja, vipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vipande vikionekana karibu sawa, endelea. Kimoja kikichomoza kama doa, rudi dukani wakaongeze au wapunguze nyeupe. Maduka makubwa ya rangi mijini yana mashine za kuchanganya. Hamisha vipande hivyo kutoka dirisha la mashariki hadi la magharibi, asubuhi na tena alasiri, kabla ya kununua ndoo.

Kwamba rangi zinaweza kutenga na kuunganisha kwa wakati mmoja lilionyeshwa waziwazi Utrecht, Uholanzi, mwaka 1924, Gerrit Rietveld alipomjengea mama mjane, Truus Schröder, nyumba ambayo orofa yake ya juu ina kuta za kutelezesha. Mchana kuta hizo husukumwa kando na orofa nzima ikawa ukumbi mmoja; usiku huvutwa vikapatikana vyumba vya watoto. Rietveld aliziweka nyekundu, buluu na njano kwa uchache katikati ya nyeupe, kijivu na nyeusi, na sakafuni aliweka mabaka ya rangi yanayoonyesha kila eneo liko wapi hata kuta zikiwa zimefungwa kando. Rangi zake kali hazifai kuigwa katika nyumba ya familia ya Embu, na sidai hivyo. Ninachochukua kwake ni mambo mawili: orodha yake ya rangi ilikuwa fupi na ikarudiwa kila mahali, na kazi ya kutambulisha maeneo aliipeleka sakafuni.

Wenye kuhesabu gharama watauliza kwa nini wahangaike na rangi nne wakati ndoo moja kubwa ya krimu ingemaliza kazi. Tuhesabu basi. Ukumbi wa mita 8 kwa 5 una mzunguko wa mita 26. Ondoa milango, nafasi za wazi na kabati, na tuseme zimebaki mita 20. Ukanda wa sentimita 90 ni mita za mraba 18, na kwa mikono miwili, yaani ukipaka mara mbili, ni 36. Lita moja ya rangi hutosha takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mkebe mmoja wa lita 4 unatosha. Baada ya miaka miwili ya watoto na matope, utakaporudia ni huo ukanda, kwa mkebe mmoja na siku moja ya fundi. Jirani yako wa krimu tupu atarudia ukuta mzima kwa sababu kiraka cha krimu mpya juu ya krimu ya zamani huonekana. Nakubali kwamba nyumba ya kupangisha, ambayo wapangaji hubadilika kila mwaka, ina haki ya kubaki na rangi moja huko juu. Hata humo, ukanda wa chini hulipa gharama yake mapema.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee, nalo halihusu rangi: kwamba nyumba ya wazi si yetu, na kwamba mgeni, hasa mkwe, hapaswi kuona sufuria. Kihistoria sehemu ya kwanza ina walakini. Nyumba ya mviringo ya Wameru na Waembu ilikuwa uwazi mmoja wenye moto katikati, na sehemu za kulala zikatengwa kwa fito; gaaru, walikoishi vijana wa Kimeru baada ya kutahiriwa, lilikuwa jengo la wote. Udongo wa kuta na masizi ya moto viliipa nyumba hiyo rangi moja kutoka mlangoni hadi paani. Nyumba ya vyumba vya mraba vyenye milango ndiyo iliyokuja baadaye, na misheni na serikali ya kikoloni. Sehemu ya pili ya pingamizi naiheshimu. Heshima ya mgeni haifutwi na fasheni, na rangi inaweza kuisaidia. Ukuta wa nyuma kabisa wa jiko ndio mahali pekee ambapo ningevunja kanuni ya weupe sawa: uwe giza kwa hatua moja kuliko kuta zingine, macho ya aliye kwenye kochi yasivutwe huko kwanza. Na pale ambapo githeri bado inachemshwa kwa kuni, jiko la kuni libaki nje lilipo. Moshi hauna rangi inayoweza kuushinda.

Ukuta ukishakauka, kuna jambo ambalo huharibu kazi yote kwa bei ndogo sana, nalo ni balbu. Kwetu jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na familia nyingi huonana sebuleni usiku kuliko mchana. Balbu za LED zinazouzwa kwa wingi ni za mwanga mweupe wenye ubuluu, kipimo chake kikiandikwa 6500K kwenye boksi. Zile za 2700K hadi 3000K hutoa mwanga wa manjano. Chini ya balbu ya kwanza, ukanda wa rangi ya tofali huwa wa kahawia usio na uhai, na njano iliyofifia hugeuka kijivu. Mbaya zaidi ni kuzichanganya, jiko moja na sebule nyingine, kwa kuwa hapo umejenga ukuta wa mwanga mahali ulipoondoa ukuta wa mawe. Nunua zote za kipimo kimoja, na kwa nyumba zenye rangi za udongo iwe 3000K. Vivyo hivyo kwa pazia: linunue kabla ya rangi, kwani duka la rangi linaweza kukuchanganyia rangi ifanane na kitambaa chochote, lakini hakuna mahali utakapopata kitambaa cha kufanana na ndoo uliyokwisha kununua. Vitambaa vya kufunika makochi vihesabiwe humohumo.

Limebaki swali ambalo fundi atakuuliza akiwa ameshika brashi: rangi moja iishie wapi na nyingine ianze? Usikubali ibadilike kwenye pembe inayotokeza nje. Hapo mstari hauwezi kunyooka, kila mpita njia huigusa, na rangi huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Ibadilike ndani ya pembe iliyoingia, mahali kuta mbili zinapokutana na kivuli kinasaidia kuficha mshono. Mahali ambapo ukuta wa kati haupo, mara nyingi limebaki boriti la zege likining'inia kati ya sebule na meza ya kula, na mafundi hupenda kulipamba kwa rangi yake, au kulipiga mstari wa dhahabu. Lipake rangi ya dari, pande zote tatu, rangi zile mbili ziishie chini yake kwenye kuta za pembeni, na ukanda wa sentimita 90 upite hapo bila kubadilika.